Mwongozo wa Mpiga Besi Mvivu Anayetaka Heshima

Tuseme ukweli, maana hapa tuko wawili tu. Hukuanza kupiga besi kwa mapenzi. Ulifika mazoezini unataka solo, ukakuta solo ina mwenyewe, mpwa wa mwenye vyombo. Ridhimu nayo ilikuwa na mtu. Likabaki gita moja limeegemezwa ukutani, zito, nyuzi nne nene kama kamba za kuanikia nguo, ukaambiwa, "Wewe shika hilo kwa muda." Muda wenyewe sasa umetimiza miaka sita.

Na sasa unataka kusifiwa. Haki yako. Zamani mpiga besi aliheshimiwa kwa mzigo tu. Besi ya kusimama, ile ambayo taarabu ya Unguja bado inaitumia, ina kimo cha mtu mzima, na ukionekana unashuka nayo kwenye gari watu wanakupisha wenyewe. Tangu Leo Fender alipoanza kuuza besi ya umeme ya kuning'iniza begani, mwaka 1951 kule California, hata hiyo huruma tumeikosa. Inabidi tutafute heshima kwa njia nyingine.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kufanya mazoezi saa nne kila siku mpaka vidole viote sugu, uweze kumimina noti nyingi kuliko mpiga solo. Njia hiyo siifundishi. Kwanza siijui, pili wanaoifuata ndio wanaoachwa bendi ikienda safari. Njia ya pili ni kupiga kidogo, kidogo kiasi kwamba watu waamini unaficha kitu. Si wanasema ukimwona kobe ameinama ujue anatunga sheria? Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwinua kobe kuangalia kama amesinzia. Riziki yako imekaa hapo.

1. Jifiche nyuma ya mguu wa mtu

Kabla hujagusa uzi, fanya urafiki na mpiga drams. Mnunulie chipsi mayai. Msifie viatu, hasa cha kulia, maana mguu huo ndio utakaokulisha. Kazi yako usiku kucha ni moja: mguu ule ukikanyaga ile ngoma kubwa, nawe piga, ukitulia, nawe tulia. Fanya hivyo kwa uaminifu na watu hawatasikia besi na ngoma tena. Watasikia kitu kimoja kinachowasukuma kifuani, na kikikosewa hawatajua wa kumlaumu ni nani.

Tena ukikosea peke yako ni kosa. Mkikosea wawili, palepale, kwa sauti, mara tatu mfululizo, huo ni mtindo. Na mji huu wa Dar es Salaam unaheshimu mitindo. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, watu wengi wanaiita Sikinde tu, kwa jina la mtindo wake. NUTA Jazz ya mwaka 1964 imebadilishwa jina mara kadhaa, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, lakini mtaani jina lililoshika ni Msondo. Jina la mtindo linadumu kuliko la mwajiri. Lifikirie hilo siku mguu wa rafiki yako utakapoteleza.

Tahadhari moja: mpiga tumba usimfuate. Yule ana mikono miwili na maneno mengi, na kila anachokisema anakijibu mwenyewe.

2. Jifunze noti moja. Ukiwa na bidii, mbili

Kila kodi ina noti iliyobeba jina lake. Nasema kodi ya gita. Ile ya nyumba tutaizungumza ukishalipwa. Ikiwa kodi ni C, wewe piga C. Ikienda F, nenda F. Ifike kwa wakati na ikae. Hapo umeshafanya asilimia kubwa ya kazi, na unaweza kuoa.

Ukitaka kuonekana msomi, ongeza noti ya tano kuihesabu kutoka hiyo ya kwanza: C na G, F na C. Kwa noti hizo mbili utapiga harusi, kipaimara, dansi la Jumamosi na ibada ya Jumapili asubuhi bila kubadilisha chochote isipokuwa shati. Anayekuambia hiyo haitoshi, mwekee "Stand by Me" ya Ben E. King, ya mwaka 1961. Besi yake inazunguka palepale tangu wimbo unaanza mpaka unaisha, kodi zilezile nne, na miaka zaidi ya sitini imepita bila mtu kuomba ibadilishwe. Aliyeitunga besi hiyo alitunga kamstari kafupi, akaenda zake nyumbani.

3. Nyamaza kama mtu anayejua

Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa ilipo.

Nikuambie nilivyoigundua hekima hii, ila usimtajie mtu. Ilikuwa harusi, ukumbi mmoja upande wa Temeke, enzi zile ningali kijana mwenye vidole. Beti la kwanza nilipiga kila nilichokijua na vingine ambavyo sikuvijua. Beti la pili likanikuta nimekanyaga waya wangu mwenyewe, ukachomoka nusu kwenye gita. Besi ikakata. Kuinama niliona aibu; bwana harusi alikuwa ananitazama. Basi nikafanya kitu pekee kilichobaki. Nikasimama vilevile, nikafumba macho, nikatikisa kichwa taratibu, kiganja nimekilaza juu ya nyuzi kama mtu anayembembeleza mtoto. Beti zima. Mwimbaji akabaki na ridhimu na tumba, maneno yake yakasikika mpaka kule nyuma kwenye masufuria ya pilau. Kiitikio kilipokaribia nikausukuma waya kwa paja, ukaingia, besi ikarudi, na ukumbi mzima ukapiga yowe.

Wimbo ulipokwisha akanijia mzee mmoja wa kanzu na koti. Akanibandika elfu tano kwenye paji la uso, akaninong'oneza, "Mwanangu, pale uliponyamaza ndipo nilipojua kuna mtu anapiga besi."

Nikamjibu, "Asante, mzee wangu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kwa hiyo noti yangu ya kwanza ya maana katika kazi hii ilitokana na noti ambazo sikuzipiga. Tangu siku hiyo sijarudi nyuma.

Baadaye nikagundua kwamba siri hiyo waungwana walishaijua zamani, tena bila kukanyaga waya. Rudi kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililozaliwa Nairobi mwaka 1978 kwa vijana waliotoka Simba Wanyika. Besi ni ya Tom Malanga. Usisikilize malalamiko ya mapenzi, sikiliza besi. Inasema sentensi fupi, inameza mate, inasema tena. Mtu anayeufahamu wimbo ule anaweza kukuimbia besi yake kwa mdomo, na akifika kwenye pengo, ananyamaza naye. Pengo lile limetungwa. Umesikia? Kutopiga nako kunatungwa, na ukikutunga vizuri watu wanakukariri.

Wajamaika ndio walioifanya kazi hii kiwandani. Aston Barrett, Family Man wa The Wailers, aliacha mashimo ambayo mtu angeegesha gari, na kila ulipodhani ameondoka, alirudi na noti mbili nzito, akiwa hana haraka ya kwenda popote.

Kuna na aliyevuka mpaka. Mwaka 1984 Prince alitoa "When Doves Cry" bila besi yoyote. Besi ilikuwapo, akaifuta. Wimbo ukashika namba moja Marekani. Habari hii ihifadhi kwa kujisifia kwamba hata ukimya wetu unauza, lakini kiongozi wako wa bendi asiipate kamwe. Ataanza kupiga hesabu ya posho.

4. Uwe na rembo moja tu, na ulibane

Sikukatazi manjonjo. Najua yanakuwasha. Chagua moja, lile linalokutoka vizuri hata ukiwa na usingizi, ulitumie kama shati la sikukuu. Usiku mzima lionekane mara tatu. Likionekana mara thelathini linakuwa sare ya kazi.

Swali ni wapi. Si juu ya maneno ya mwimbaji. Mwimbaji mchukulie kama mama mkwe: akianza kusema, wewe shika kidevu, sikiliza, itikia. Lakini hata mama mkwe huvuta pumzi. Mwisho wa mstari, kabla hajarudi, kuna nafasi ya upana wa noti tatu au nne. Chomeka rembo lako hapo, utoke kabla hajakuona. Wasikilizaji watasema mnaelewana sana jukwaani, wasijue ulikuwa unamvizia.

Utaniuliza, "Na sebene je?" Nilijua utauliza. Wimbo umepanda, watu wamenyanyuka, wewe damu inachemka na unaona sasa ni zamu yako. Si zamu yako. Zitazame bendi za rumba za Kinshasa, mathalani TPOK Jazz ya Franco: solo ana chake, aliye katikati ana chake, ridhimu ana chake, kila mmoja amepewa ukindu wake na wanasuka mkeka mmoja. Ukiingia na ukindu wa nne umeuharibu. Wewe ni sakafu. Mkeka usipokuwa na sakafu chini yake hakuna wa kuukalia. Sogea kidogo kwenye sebene, ndiyo, changamka, ongeza noti ya kupandia na ya kushukia, ila rudi palepale kila mzunguko, kama daladala inavyorudi Kariakoo.

5. Liharibu gita lako kwa makusudi

Hatua hii ni ya bei nafuu kuliko zote. Usibadilishe nyuzi. Nyuzi mpya zinalia kama bati, na kila kosa lako linasikika limeng'aa. Nyuzi kuukuu zinatoa sauti ya mtu aliyeshiba. Kisha kata kipande cha sponji ya godoro, kipenyeze chini ya nyuzi kule mwisho karibu na zinapofungwa. Noti itagonga, itakufa yenyewe, na wewe utasifiwa kwa nidhamu.

Akikuuliza mtu, mtajie James Jamerson wa Motown, Detroit. Nyuzi zake zilikuwa kuukuu, sponji ilikuwapo, na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada, mpaka kikapewa jina la utani: ndoano. Kidole kimoja! Mfano mzuri zaidi kwa mvivu haupo. Ila nikuonye kama ndugu. Kwa kidole hicho kimoja Jamerson alipiga noti nyingi mno, zikakimbia, zikapanda na kushuka, na zote zikakaa mahali pake. Usijaribu. Mwige sponji, kidole mwachie mwenyewe. Na ukiona jina lako halipo kwenye bango la onyesho, kumbuka kwamba kwenye majalada ya Motown jina lake lilingoja hadi mwaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye, wakati nyimbo alizozipigia zilikwisha kuzunguka dunia.

6. Tunga kwa mdomo, ukiwa na kazi nyingine

Sasa unatakiwa kutunga besi ya wimbo mpya. Usishike gita. Vidole vina tabia ya kwenda vilikozoea, kama punda wa maji. Washa wimbo, shika kazi ya nyumbani, kumenya viazi au kupiga pasi, halafu besi iimbe kwa mdomo. Ukiishiwa pumzi, noti zimezidi. Ukijikata kidole, zimezidi sana. Kilichobaki mdomoni baada ya viazi kuiva ndicho ukapige.

Ukifika studio, omba kusikia sauti ya mwimbaji kwanza. Prodyuza atashangaa; wapiga besi huwa hawaulizi. Rekodi ulichotunga, kisha omba nusu ifutwe. Sikiliza. Mwimbaji hatauliza, anajisikiliza mwenyewe. Mpiga solo hatajua, hajawahi kukusikia. Kama hakuna aliyelalamika, futa robo nyingine. Endelea hivyo mpaka mtu mmoja aseme, "Hapa pamepungua kitu." Irudishe noti ya mwisho uliyoitoa. Hiyo ndiyo besi yako, na utalipwa sawa na yule aliyekesha.

Kama bado una wasiwasi, toka nje. Nasema kweli: toka, funga mlango, simama kwa jirani. Ukuta unazuia maneno, unazuia solo, unazuia tumba. Besi ndiyo inayopita. Jirani yako hajui mwimbaji anasema nini, yeye miaka yote anasikia wewe tu. Watu wengi mjini wanaijua kazi yetu kwa njia hiyo, wamelala, kesho wana zamu ya asubuhi. Mtungie yule jirani. Akija kugonga mlango ana hasira, umezidisha. Akipita asubuhi anaelekea kituoni huku anaguna mdundo wako puani bila kujijua, usimwambie kitu. Msalimie tu.

7. Namna ya kuishi na kijana wa nyuzi sita

Atakuja. Ana gita lenye nyuzi sita, linang'aa, amejifunza kwenye simu usiku, kidole gumba chake kinachapa nyuzi kama mtu anayepiga chapati. Bendi nzima itamzunguka wakati wa mapumziko. Moyo wako utafanya paa.

Usishindane naye. Mkaribishe, mpe kiti, mwambie mbele za watu, "Una vidole, mdogo wangu." Sentensi hiyo ina sumu, lakini itamchukua miaka kumi kuisikia. Halafu mpe wimbo apige, wewe nenda kakae katikati ya ukumbi na soda yako, uangalie miguu ya wachezaji.

Kitakachotokea si uchawi, ni ukumbi. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita nane hivi, refu kuliko basi la Kosta. Sasa yeye anataka kuendesha Kosta kumi na sita kwa sekunde mbili, ndani ya ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati. Zinagongana. Ya kwanza inarudi kutoka ukuta wa nyuma kabla ya tano haijaondoka. Noti alizozihesabu vizuri chumbani kwake zinafika kwa wachezaji zikiwa uji. Mama mmoja aliyekuwa anazungusha kiuno atapoteza hatua, atatabasamu kwa adabu, atarudi kwenye kiti. Kisha wawili. Kisha meza nzima.

Usicheke. Maliza soda, panda jukwaani, lichukue gita lako la nyuzi nne, mtazame mpiga drams kiatuni, upige noti moja. Ngoja. Piga nyingine.

Yule mama akinyanyuka, mtazame kijana kwa upole mwingi.

8. Uso

Karibu nisahau, na uso ndio unaobeba nusu ya kazi. Usitazame vidole, fundi cherehani hatazami sindano. Fumba macho kwenye pengo, fumbua kwenye noti, usije ukageuza, utaonekana umesinzia. Tikisa kichwa ukiwa nyuma ya mdundo kidogo. Mara moja kwa wimbo mgeukie mpiga drams mcheke pamoja, ghafla, bila sababu. Watu watadhani mmefanya jambo gumu.

Wakija kukupongeza, usieleze. Ukianza kueleza utafichua kwamba hakukuwa na kitu. Sema, "Tunajaribu, tunajaribu," kisha uulize chakula kimebaki wapi.

Na kuhusu vifaa vyako, jambo la mwisho. Ule waya wa Temeke ninao hadi leo. Pale kwenye kichwa unalegea, ukiugusa kwa paja unatoka, ukiusukuma unaingia. Mafundi watatu wameshaniomba wauchomelee, mmoja alitaka kufanya bure. Nimewakatalia wote. Nawe wako ukianza kulegea, usiupeleke kwa fundi.